Ukiandikiwa faini ya kwanza: bima ya gari lako inaguswa wapi

Dereva mpya akisimamishwa Igurusi au Chimala mkoani Mbeya, tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikasoma 68 mahali pa 50, maswali yanayomjia ni mawili. La kwanza, elfu thelathini itatoka wapi. La pili limezidi siku hizi kwa sababu vijana wanaangalia sana video za nje: bima ya gari itapanda?

Hapa kwetu Tanzania, kwa notisi moja ya mwendo, yaani ile karatasi ya faini, haipandi. Ukienda wiki ijayo kukata bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu, utalipa kile kile anacholipa jirani yako ambaye hajawahi kuandikiwa hata mara moja. Ila ukiishia kwenye jibu hilo umejua nusu tu ya habari, tena ile nusu isiyo na gharama. Faini ya barabarani inaigusa bima kwa mlango mwingine, siku ya madai, na anayeguswa zaidi ni dereva kijana. Haya ni mambo ambayo watu wa bima na madereva wa barabara ya TANZAM wanayaona kila mwaka, kuanzia Kitonga hadi Tunduma.

Video hizo haziongopi, zinazungumzia kwao. Uingereza kosa la mwendo kwa kawaida linakuwekea pointi zisizopungua 3 kwenye leseni, na zinakaa miaka 4. Kampuni za bima kule huuliza makosa ya miaka 5 iliyopita kabla ya kukutajia bei. Dereva mpya akifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya mwanzo, leseni inafutwa na anarudi kufanya mitihani upya. California, Marekani, kosa dogo ni pointi 1 inayokaa kwenye rekodi zaidi ya miaka 3, na mwenye sifa anaweza kukaa darasa la udereva ili kampuni ya bima isiione pointi hiyo, nafasi inayopatikana mara moja ndani ya miezi 18. Kule bei inamfuata dereva. Hapa inalifuata gari.

Angalia hesabu zenyewe. Bima ndogo ya gari binafsi ni shilingi 100,000, juu yake VAT ya 18%, jumla 118,000. Uwe na miaka 19 au 60, uwe na leseni ya jana au ya mwaka 1985, ni hiyo hiyo. Bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolipa na gari lako pia, kwa kawaida inakokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 14 linatoa 490,000, VAT 88,200, unalipa 578,200 kwa mwaka. Kinachoweza kuisogeza bei hiyo ni thamani ya gari, umri wake, matumizi yake, na madai ambayo umewahi kudai. Kampuni zenye punguzo la kutodai zinakuondolea punguzo hilo ukidai, hazikuondolei kwa sababu trafiki alikuandikia Inyala.

Kwa hiyo mtu anayekwambia ukate bima haraka kabla faini "haijaingia kwenye mfumo", mwache aende zake.

Fomu ambayo hakuna anayeisoma

Mahali pa kwanza faini inapokutana na bima ni kwenye fomu ya maombi ya bima kubwa. Fomu nyingi zina swali linalofanana na hili: je, wewe au mtu yeyote atakayeendesha gari hili amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la usalama barabarani katika miaka kadhaa iliyopita? Pembeni kuna ndiyo na hapana. Kwa hali ilivyo mitaani, wakala ndiye anayejaza, anaweka alama ya hapana kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, kisha anakupa usaini. Wengine hawakupi hata usaini, unatumiwa stika kwenye simu biashara imekwisha.

Saini hiyo ni yako, si ya wakala. Mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa mwombaji, na jambo lililofichwa likija kuonekana lilikuwa na uzito, kampuni inapata sababu ya kukataa dai. Sasa, notisi uliyoilipa kwa simu si sawa na kuhukumiwa mahakamani, na swali la fomu linaweza kuwa linauliza hukumu peke yake. Lisome kama lilivyoandikwa. Kama linauliza hukumu, notisi ya mwendo si hukumu. Kama linauliza kosa lolote au adhabu yoyote, andika: notisi moja, mwendo, mwezi fulani, imelipwa. Mstari mmoja. Bei haitabadilika kwa mstari huo, lakini siku ya dai hakuna atakayeufungua ukurasa huo na kukuuliza mbona ulidanganya. Omba nakala ya fomu iliyojazwa na uitunze pamoja na kadi ya gari. Wakala akisema hakuna nakala, piga picha kabla hujasaini.

Karatasi yenyewe

Notisi ina mambo ambayo watu hawayaangalii kwa sababu macho yote yako kwenye kiasi. Soma namba ya gari, namba ya leseni, kosa lililoandikwa, mahali, tarehe na saa, kisha namba ya kumbukumbu ya malipo, ile yenye tarakimu 12 inayoanzia 99. Isome ukiwa bado umesimama pale pale. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, umelipa deni la mtu mwingine na lako limebaki. Kama ni tochi, omba kwa adabu uione picha: "Afande, naomba nione gari langu na mwendo." Picha inatakiwa ionyeshe gari lako na si lile lililokuwa linakupita.

Kosa moja ni 30,000. Ukiandikiwa makosa mawili kwa mkupuo, tuseme mwendo na taa, ni 60,000. Malipo yanafanyika kwa simu kupitia kipengele cha malipo ya serikali, au benki, kwa namba hiyo ya kumbukumbu. Hakuna kosa linalolipwa kwa noti mkononi, na ukitoa noti hubaki na ushahidi wowote kwamba ulimalizana nalo. Ukichelewa zaidi ya siku saba kiasi kinaongezeka. Baada ya kulipa usifute ujumbe wa simu. Ingia kwenye tovuti ya polisi ya kuangalia madeni ya barabarani, weka namba ya gari, uone deni limeondoka.

Kama huamini ulitenda kosa, una haki ya kukataa notisi na kupelekwa mahakamani. Ni haki ya kweli, ila ipime: unaweza kushinda, na unaweza kushindwa ukapata hukumu, na hukumu ndiyo hasa ile fomu inayouliza. Kwa mwendo uliopigwa picha safi, lipa. Kwa kosa ambalo huna hakika nalo, hasa likihusu ajali, soma kwanza huko mbele.

Jambo lingine ni kwamba deni linaishikilia namba ya gari. Umeazima gari la mjomba ukaenda nalo Tukuyu, ukaandikiwa, ukakaa kimya. Wiki mbili baadaye mjomba anasimamishwa Makambako, trafiki anaweka namba kwenye mashine, deni linatokea na nyongeza juu, gari halitoki hadi lilipwe. Mwambie siku hiyo hiyo. Kuna heshima ndani yake, na kuna bima pia, kwa sababu mjomba akija kuwa na dai lake baadaye anatakiwa kujua nani aliendesha gari lake na lilifanya nini.

Makosa hayalingani uzito

Notisi ya mwendo kwenye 50 na notisi ya tairi, kila moja ni elfu thelathini. Kwa bima hazilingani hata kidogo.

Ile ya mwendo inakwisha ukilipa. Wengi wanaandikiwa kwenye vijiji vilivyojipanga kando ya lami: Chimala, Igurusi, Inyala, na Igawa ukitokea Makambako. Kibao cha 50 wanakiona. Kinachowaponza ni mwisho wake. Wanaanza kukanyaga mafuta wakiona nyumba zimepungua, wakati kile kibao cheupe chenye mstari wa mshazari bado kiko mbele. Nyumba kupungua hakumalizi 50, kibao ndicho kinachomaliza. Na mwendo wa 72 mahali pa 50 si kuzidisha kidogo kama unavyosikika: gari linalokwenda 72 limebeba nguvu mara mbili ya lile la 50, na katika sekunde moja unayotumia kushtuka kabla hujagusa breki limeshakwenda mita 20 badala ya 14. Hizo mita sita ni upana wa barabara ambayo mtoto anaivuka.

Ile ya tairi ni habari nyingine. Chuchumaa utazame tairi la mbele. Ndani ya mifereji mikuu kuna vijigongo vidogo vya mpira vimelala kwa kukatiza, chini ya usawa wa uso wa tairi. Uso ukishalingana na vijigongo, tairi limekwisha, hata kama pembeni bado panaonekana papya. Ubavuni tafuta kiduara chenye tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye mifereji mizuri na tarakimu za miaka kumi iliyopita limekauka, na kwenye mvua ya Rungwe halishiki.

Trafiki akikuandikia kwa ubovu wa gari, amekupa karatasi yenye tarehe inayosema kwamba siku hiyo ulijua. Ukilipa faini ukaendelea na tairi zile zile, wiki tatu baadaye ukateleza kwenye ukungu wa Igawilo ukaingia mtaroni, mkaguzi wa polisi ataandika hali ya tairi kwenye ripoti ya ukaguzi. Karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba gari litunzwe katika hali ya kufaa kutembea barabarani. Asiye na notisi anaweza kujitetea kwamba hakujua. Wewe utetezi huo huna tena, na umeutoa kwa elfu thelathini. Kwa hiyo notisi ya ubovu, iwe tairi, breki, taa au kioo kilichopasuka, ilipe kisha urekebishe, na risiti ya duka la tairi au ya gereji uibane nyuma ya notisi. Risiti yenye tarehe inayofuata tarehe ya notisi inageuza ushahidi ukawa upande wako.

Leseni ndiyo nzito kuliko zote. Kuandikiwa kwa leseni iliyoisha, au kuendesha gari la daraja usilo nalo, ni onyo kwamba siku hiyo hukuwa na bima kubwa yenye maana, ingawa stika ilikuwapo. Mkataba unamkinga dereva aliyeruhusiwa na mwenye gari na mwenye leseni halali ya aina hiyo ya gari. Leseni inatolewa na TRA, inakaa miaka 5, kuihuisha ni shilingi 70,000. Weka ukumbusho kwenye simu mwezi mzima kabla. Daraja D ni kwa gari dogo binafsi. Halikuruhusu kubeba abiria wa kulipa, na hapo ndipo vijana wengi wa huku wanapoangukia.

Mchomoko, yaani gari binafsi linalobeba abiria. Gari lina namba ya njano ya gari binafsi, limekatiwa bima ya matumizi binafsi, asubuhi linapakia watu Uyole au Kabwe kwa nauli. Hata bila ajali kuna makosa matatu humo: leseni ya dereva, kibali cha usafirishaji, na matumizi yasiyolingana na bima. Likipata ajali, abiria wanahojiwa na polisi, na abiria hana sababu ya kuficha kwamba alilipa nauli. Dai la kutengenezewa gari lako linakufa hapo. Ukitaka kubeba abiria, kata bima ya biashara ya abiria, ni ghali zaidi, na fuata taratibu za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kama hesabu haikubali gharama hizo, basi hiyo biashara inaendeshwa kwa pesa ya ajali ambayo haijatokea bado.

Faini inayokuja baada ya kugongana

Hapa ndipo penye kazi. Faini ya tochi ni kati yako na serikali. Faini inayoandikwa baada ya magari kugusana inaamua pia nani atamlipa nani.

Tuseme uko Mlima Nyoka unashuka, mbele kuna lori, mstari wa katikati haukatiki, unaovateki, linatokea gari lingine, unarudi upande wako na kumgonga wa mbele nyuma. Hakuna aliyeumia. Trafiki anafika, anapima, anachora, anamwona mwenye kosa. Kwa kugongana kudogo mara nyingi anamwandikia notisi mwenye kosa, na notisi hiyo ikilipwa inachukuliwa kwamba kosa limekubaliwa. Kwa ajali yenye majeruhi au kifo mambo yanakwenda mahakamani na notisi haitoshi.

Kama kweli kosa ni lako, kulipa hakukuharibii bima. Bima ipo kwa ajili ya makosa, si kwa ajili ya watu wasiokosea. Bima ndogo itamlipa yule uliyemgonga, lako utalitengeneza mwenyewe. Bima kubwa itashughulikia yote mawili. Nakala ya notisi na risiti yake inaingia kwenye faili la dai, kwa sababu kampuni inataka kuona polisi wamesema nani alikosea kabla haijatoa pesa kwa mtu wa tatu, yaani yule uliyemgonga.

Kinachoharibu ni kulipa notisi kwa kosa lisilo lako ili tu uondoke. Kijana anaogopa, mwenzake ni mtu mzima mwenye gari kubwa na sauti kubwa, giza linaingia, anaambiwa "lipa tu dogo tumalizane." Akilipa ameandika kwa mkono wake kwamba yeye ndiye chanzo. Kesho akienda kwa kampuni ya bima ya yule mzee kudai matengenezo, anaambiwa mwenye kosa ni wewe, karatasi hii hapa. Hapa ndipo ile haki ya kukataa notisi ina thamani. Sema kwa heshima kwamba hukubali, omba maelezo yako yaandikwe, na piga simu kwa wakala wako kabla hujalipa.

Kingine kinachoharibu ni makubaliano ya pembeni. Mikataba ya bima ina sharti kwamba mwenye bima asikiri kosa kwa maandishi wala asiahidi malipo bila kampuni kukubali. Ukiandika kwenye karatasi ya daftari "mimi nitamtengenezea bampa na taa" ukasaini mbele ya shahidi, umejifunga, na kampuni inaweza kukwambia utimize ahadi yako mwenyewe. Kama mikwaruzo ni ya elfu hamsini na mnaelewana, maliza kwa pesa yako na msiihusishe bima. Kama unafikiria kudai, usiahidi chochote.

Kwa dai lolote la maana mambo yanafuatana hivi. Simamisha gari, washa taa za tahadhari, weka viakisi nyuma mbali vya kutosha mtu wa kwenye kona aone, si hatua tano kutoka kwenye buti. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: moja ya mbali inayoonyesha barabara nzima na mstari wa katikati, nyingine za karibu za namba za magari, mahali palipogongwa, alama za breki kwenye lami, na stika au bima ya mwenzako. Picha ya mbali ndiyo inayosahaulika na ndiyo yenye thamani, maana bampa lililobonyea halisemi nani alikuwa upande wa nani. Toa taarifa polisi na kwa kampuni siku hiyo hiyo, hata kwa simu, kisha ufuatie kwa maandishi. Polisi watakupa ripoti ambazo kampuni itazidai: ya awali ya PF 115, ya ukaguzi wa gari ya PF 93, na ya mwisho ya PF 90, pamoja na mchoro wa eneo. Aliyeumia apewe PF 3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kutibiwa, isipokuwa hali yake haisubiri. Usiruhusu fundi afungue hata boneti kabla mtathmini wa kampuni hajaliona gari au hajakupa ruhusa, na kama gari linavutwa, weka risiti ya kuvutwa.

Ripoti ya mwisho inachelewa kuliko nyingine. Faili linalala kituoni kwa sababu hakuna anayelifuatilia, si lazima kwa sababu kuna mtu anataka kitu. Ajali ikitokea Kitonga na wewe unaishi Mbeya, kila ufuatiliaji ni safari. Ndiyo maana inafaa kuandika jina la kituo, namba ya kumbukumbu ya taarifa na simu ya kituo kabla hujaondoka eneo la tukio.

Mchango wa dereva kijana

Kila bima kubwa ina kiasi ambacho mwenye gari anachangia kwenye dai lake. Mawakala wanakiita eksesi. Watu wanakijua, lakini hawajui kwamba mikataba mingi ina eksesi ya nyongeza kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni changa. Mipaka inayotumika sana ni umri chini ya miaka 21 au leseni isiyofikisha miaka 2. Kwa hiyo ujana wako hauonekani kwenye bei ya bima. Umefichwa huku.

Chukua mfano wa mkataba unaosema eksesi ni asilimia 10 ya dai, isipungue 200,000, na dereva mchanga anaongeza 200,000 nyingine. Uharibifu ni 1,800,000. Asilimia 10 ni 180,000, iko chini ya kiwango, kwa hiyo inahesabiwa 200,000. Ongeza ya ujana. Kampuni inalipa 1,400,000, na 400,000 unaitafuta wewe. Angekuwa anaendesha baba mwenye leseni ya miaka kumi, dai hilo hilo lingelipwa 1,600,000. Mkataba wako una tarakimu zake, fungua ukurasa wa jedwali uziangalie, zimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya thamani ya gari.

Hapo ndipo uongo mkubwa wa familia unapozaliwa: gari lilikuwa kwa kijana, fomu ya dai inaandikwa aliendesha baba. Na hapo ndipo notisi inaposhuhudia. Karatasi ya trafiki ina namba ya leseni ya aliyekuwa kwenye usukani, ripoti ya polisi ina jina lake, na fomu ya dai ina jina lingine. Dai lote linakwama kwa ajili ya laki mbili za kuokoa.

Kwa uharibifu mdogo, hesabu kabla hujadai. Kunyoosha mlango na kupaka rangi ni 350,000 kwa fundi mzuri wa Mwanjelwa, tuseme. Ukiondoa eksesi mbili hapo juu, 350,000 haifiki hata 400,000, hakuna cha kulipwa. Ukiwa na dereva mzoefu unapata 150,000 na unaweza kupoteza punguzo la kutodai la mwaka unaofuata. Tengeneza mwenyewe. Ila kama kuna mtu wa tatu aliyeguswa, toa taarifa kwa kampuni hata kama hudai, maana yeye anaweza kuja kudai baada ya miezi.

Siku ya kuhuisha bima, kabla ya kutoa pesa, angalia madeni ya gari kwenye mfumo wa polisi, soma tarehe ya mwisho ya leseni yako, na hakikisha matumizi yaliyoandikwa ndiyo unayofanya. Ukishapata stika, ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ikionekana na tarehe sahihi, una bima. Isipoonekana, ulichonacho ni picha. Stika bandia zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na trafiki siku hizi anahakiki kwa simu kabla hujamaliza kumsalimia.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ikitaja kifungu cha mkataba. Kampuni inayokataa kwa sababu tu "uliwahi kuandikiwa" bila kuonyesha kifungu haijajibu. TIRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya, na malalamiko ya madai yanapelekwa pia kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nenda na mkataba, fomu ya maombi ile uliyoipiga picha, notisi zote na risiti zake, ripoti za polisi na barua ya kukataliwa, vyote vikiwa na nakala mbili, moja ukaiache na nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa.